Muulize Bibi Protini: Vazi la kirusi, utumbo wa mnyoo

Jina la Bibi Protini mlinipa nyinyi wasomaji, nami nimelikubali kwa kuwa sijapata lililo bora. Kwa aliyefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: nilikuwa mwanabaiokemia. Miaka 11 ya mwanzo nilishughulika na protini za virusi vya mafua, na yote iliyofuata, mpaka nikastaafu, nilikuwa na antijeni za vimelea. Antijeni ni kitu chochote ambacho kinga ya mwili hukitambua na kukitengenezea kingamwili, yaani protini za ulinzi zinazokishika. Neno hilo litarudi mara nyingi, basi tulimalize hapa hapa.

Shikamoo Bibi. Niko mwaka wa pili chuoni. Nimesikia ulianza na virusi vya mafua ukaishia kwenye minyoo. Msimamizi wangu anasema mtu anayehamahama hivyo hawi bingwa wa chochote. Ni kweli? Na virusi na mnyoo vinahusiana nini? — Mwanafunzi asiyetulia

Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie msimamizi wako, kwa adabu, kwamba sikuhama. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwavua nguo wageni wasioalikwa. Aliyebadilika ni mgeni.

Nilianza na mayai. Ukitaka virusi vingi vya mafua kwa haraka, unachukua yai la kuku lenye kiinitete cha siku 10, unalimulika gizani uione mishipa ya damu na jicho la kifaranga, unatoboa tundu dogo kwenye ganda, unadunga virusi kwenye mfuko wa maji ulio pembeni ya kifaranga, kisha unaziba kwa nta. Siku mbili kwenye kiatamizi. Halafu yai linalala usiku mmoja kwenye friji ili mishipa ya damu isinyae, la sivyo ukilifungua asubuhi damu itachanganyika na maji unayoyavuna. Yai moja hutoa kama mililita 10 za maji ya manjano hafifu. Harufu yake sijaisahau, na mpaka leo yai la kuchemsha nalila kwa heshima tu ya mwenyeji.

Damu hiyo inayotukera ndiyo iliyotupa kipimo. Mwaka 1941 George Hirst, akiwa New York, alikuwa anavuna mayai yaliyoambukizwa akaona chembe nyekundu zilizovuja kutoka kwenye mshipa uliokatika zimeshikamana mabonge mabonge. Virusi ndivyo vilivyozishika. Protini inayoshika ikaitwa hemaglutinini. Kipimo chake ni rahisi hata kukitazama ni raha: trei ya plastiki yenye visima 96, unapunguza nguvu ya maji ya virusi nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima, unaongeza chembe nyekundu za damu ya kuku, unasubiri nusu saa. Penye virusi vya kutosha, chembe hutanda chini ya kisima kama utando wa waridi. Pasipo na virusi huzama na kukusanyika katikati kama kifungo chekundu cha shati, na ukiinamisha trei kifungo kinatiririka kama chozi. Nimehesabu vifungo hivyo mpaka nikaviona usingizini.

Kisha ukaja uvuaji wenyewe. Hemaglutinini imejichomeka kwenye ngozi ya mafuta ya kirusi kwa mkia mfupi. Ukiitoa kwa sabuni inatoka, lakini mikia hushikana, unapata mafungu badala ya protini iliyosimama yenyewe. Ukitumia bromelaini, kimeng'enya cha nanasi kinachokata protini, sehemu yote ya nje inakatwa karibu na ngozi na kuanguka ikiwa safi, inayeyuka majini kama sukari. Kwa protini iliyokatwa namna hiyo, Ian Wilson, John Skehel na Don Wiley walionyesha umbo lake mwaka 1981. Ni nakala tatu zilizosukwa pamoja, urefu wa nanomita 13.5, shina jembamba chini na kichwa cha mviringo juu. Kwenye kichwa kuna kishimo kidogo kinachoshika asidi ya sialiki, sukari iliyo juu ya seli zetu. Hicho ndicho kidole cha kirusi kinachogonga mlango. Ndani ya kishimo mambo karibu hayabadiliki kutoka kirusi hadi kirusi. Kinachobadilika ni ukingo wake, na kingamwili zetu nyingi, kwa bahati yetu mbaya, huupenda ukingo. Kishimo chenyewe ni chembamba, kingamwili ni nene, haiingii vizuri. Mchoro ule niliukata kwenye jarida nikaubandika juu ya mlango wa friji ya sampuli, ukakaa pale mpaka rangi ikapauka.

Sasa sikiliza. Mwaka 1990 maabara ya Wiley yule yule ikatoa umbo la protini nyingine: vazi la tripanosoma, kimelea cha malale, yule anayesafiri ndani ya mbung'o. Kimelea kimoja hujifunika kwa molekuli takriban milioni 10 za protini ya aina moja, zimesimama wima bega kwa bega, kingamwili isipate pa kupenya kufika ngozini. George Cross alikuwa amezisafisha huko Cambridge mwaka 1975, akaonyesha kwamba kila ukoo wa kimelea una vazi lake. Ndani ya jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, kuna mavazi zaidi ya elfu moja, mengi yakiwa viraka ambavyo havivaliki mpaka viunganishwe na vingine, na kimelea huvaa moja kwa wakati mmoja. Mwili ukishalitambua vazi la juma hili na kuwaangamiza waliolivaa, wachache waliokwisha kubadili wanabaki na kuzaana. Ndiyo maana homa ya malale huja mawimbi kwa mawimbi. Mwaka 1993 kundi la Wiley likaweka mavazi mawili kando kwa kando. Mfuatano wa asidi zake za amino, shanga zinazounda uzi wa protini, unafanana kidogo mno, lakini mkunjo wa protini ni uleule. Vitambaa tofauti, fundi mmoja.

Mimi nilifunga mizigo mwaka ule wa kwanza, 1990. Virusi vyangu hubadili sura kwa makosa ya kunakili, tripanosoma hubadili kwa kufungua kabati. Lakini ujanja ni mmoja: wanaionyesha kinga ya mwili kitu ambacho wao wenyewe wako tayari kukipoteza, na kile kinachowaweka hai kinakaa nyuma au chini yake. Swali langu kwa kirusi lilikuwa: nini huyu hawezi kukibadilisha? Nikalibeba likiwa vilevile kwenda kwa kimelea. Ukitaka kuniita bingwa, niite bingwa wa swali hilo.

Bibi, watoto wangu walichanjwa surua mara mbili wakiwa wadogo, basi. Mimi kila mwaka naambiwa nirudi kuchanjwa mafua. Wanasayansi wameshindwa, au ni biashara? — Baba wa watatu

Biashara ipo, sitakuficha, lakini haikuanza hapo. Kirusi cha surua nacho hufanya makosa kinaponakili jeni zake. Tofauti ni kwamba protini zake za juu hazivumilii kubadilishwa mahali pale ambapo kingamwili hushika: zikiguswa kidogo haziwezi tena kuingia kwenye seli, na kirusi hicho kinakufa na kosa lake. Hemaglutinini ya mafua imejaliwa uvumilivu. Unaweza kubadilisha asidi ya amino moja, mbili, nne kwenye ukingo wa kile kishimo, na kirusi kikaendelea na safari. Kingamwili za mwaka jana zinafika, zinapapasa, hazishiki vizuri.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hukusanya wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, kuchagua virusi vya kuweka kwenye chanjo itakayotumika miezi kadhaa baadaye. Ni kubashiri, ingawa kwa akili na takwimu. Na hata ubashiri ukiwa sahihi, yai nalo lina maoni yake. Sukari za ndani ya yai hazijaunganishwa sawasawa na zile za koo la binadamu, kwa hiyo kirusi kinacholazimishwa kukua humo huwa kinajirekebisha kishimo chake ili kishike vizuri, na marekebisho hayo wakati mwingine hugusa palepale tunapotaka kingamwili zishike. Aina ya mafua iitwayo H3N2 imetusumbua hivyo zaidi ya msimu mmoja. Siku hizi kuna chanjo zinazokuzwa kwenye seli badala ya mayai, na nyingine ambazo hemaglutinini yake inatengenezwa na seli za wadudu bila kirusi chochote. Mimi ningekuwa kijana ningefanya kazi huko, na mayai ningeyaachia kuku.

Hayo ni mabadiliko madogo. Makubwa hutokea kwa sababu jeni za kirusi hiki hazipo kwenye uzi mmoja, zimegawanyika vipande 8. Virusi viwili tofauti vikiingia kwenye seli moja, watoto wanaweza kutoka na vipande vilivyochanganywa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1957 na tena 1968, ambapo virusi vya binadamu vilijipatia hemaglutinini kutoka kwa virusi vya ndege na dunia nzima ikajikuta haina kingamwili za kuitosha.

Unauliza kama tumeshindwa. Mwaka 1993 wanasayansi wa Japani walieleza kingamwili ya panya ambayo haikushika kichwa cha hemaglutinini, ilishika shina, na shina ni sehemu isiyobadilika ovyo kwa sababu ndiyo inayojikunjua kuunganisha kirusi na seli. Baadaye zikapatikana za namna hiyo kwa binadamu. Shida ni kuushawishi mwili uzitengeneze kwa wingi wakati kichwa kipo pale juu kinajionyesha. Baadhi ya watafiti wameamua kukikata kichwa kabisa, wachanje kwa shina peke yake. Nawaombea heri. Hadi hapo, rudi ukachanjwe.

H na N kwenye mafua ya ndege ya H5N1 ni nini? Na je, H5 ni kali mara tano kuliko H1? — Msomaji wa magazeti

H ni hemaglutinini, N ni nyuraminidasi. Ya kwanza ni nanga, hukishikisha kirusi kwenye sukari ya seli. Ya pili ni mkasi, hukata sukari hiyo ili virusi vipya vinavyotoka visinate mlangoni pa seli iliyovizaa. Namba ni orodha ya aina tu, hazipimi ukali. H1 ya mwaka 1918 iliua watu mamilioni. Angalau aina 16 za H na 9 za N zinajulikana kwa ndege wa majini, wao ndio ghala. Na kwa kuwa umeuliza habari ya N: kishimo cha mkasi huo nacho karibu hakibadiliki, Peter Colman na wenzake wa Australia walionyesha umbo lake mwaka 1983, na dawa ya zanamivir ilichongwa kwa kufuata umbo hilo ili ikizibe. Iliidhinishwa mwaka 1999. Wachache wetu tuliobahatika kuona mchoro ukageuka dawa ndani ya umri wetu wa kazi.

Mama, niliugua malaria, nikapimwa kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, nikapewa dawa, nikamaliza dozi yote. Baada ya siku 10 nikapima tena kwa hofu yangu, mstari ukatokea tena. Sina homa. Je, dawa zimeshindwa? Nirudie dozi? — Mwenye wasiwasi

Usirudie dozi kwa sababu ya mstari, mwanangu. Kipimo hicho hakimwoni mdudu mwenyewe. Kinaona antijeni yake, na nyingi za vipimo hivi hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, huimwaga kwenye damu kwa wingi. Mdudu akishakufa, protini hubaki ikizunguka. Inaweza kukaa wiki kadhaa, kwa wengine hata zaidi ya mwezi. Umeona nyayo kwenye matope ukadhani mnyama bado amesimama pale.

Anayetaka kujua kama wapo hai atazame damu kwa darubini, au atumie kipimo kinachotafuta kimeng'enya cha kimelea kinachoitwa LDH, ambacho hutoweka mapema zaidi baada ya vimelea kufa. Homa ikirudi, hapo usikae nyumbani na jarida langu, nenda kituo cha afya na uwaambie tarehe uliyomaliza dawa, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo itakayomwongoza mpimaji.

Kuna upande wa pili ambao hukuuliza lakini unanikosesha raha. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba huko Peru wapo vimelea waliopoteza kabisa jeni ya HRP2. Wanaishi bila shida na wanaambukiza. Baadaye wakaonekana Eritrea na kwingineko. Kwao kipimo kinasema huna malaria, nawe unatetemeka. Kimelea kilichopigwa dawa kila kilipotambuliwa kimepata faida ya kutotambulika, na protini tuliyoichagua kama alama kumbe ni moja ya zile anazoweza kuziacha. Rudi usome nilichomjibu yule mwanafunzi: tulichagua vazi.

Bibi, natengeneza antijeni ya mnyoo ndani ya bakteria E. coli. Kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa uzito naiona, nyingi, uzito sahihi. Lakini yote inazama chini ya mrija kama mashapo ya chokaa. Nikiweka yurea inayeyuka, ila seramu (maji ya damu yenye kingamwili) ya kondoo waliojenga kinga haiitambui. Mfuatano wa jeni nimeuhakiki mara tatu. Nimekosea wapi? — Mtafiti anayekaribia kuacha

Usiache, na usiuhakiki mara ya nne. Mfuatano wako ni sahihi. Ulichotengeneza ni uzi mrefu wa asidi za amino ambao haujawahi kuwa protini. Ndani ya bakteria mnyororo unatoka kwa kasi, hali ya humo hairuhusu vifungo vya salfa kufungika, hakuna sukari za kubandikwa, na mnyororo unaokosa mkunjo wake hujishika na wenzake. Ndiyo mashapo yako. Yurea inautenganisha tu, haiukunji. Na kingamwili nyingi za kondoo wako hazikufundishwa mfuatano, zilifundishwa umbo. Unawaonyesha sufu, wao wanaijua sweta.

Nitakusimulia aibu yangu ili ujione uko pazuri. Miezi ya mwanzo kwenye minyoo nilikuwa na Haemonchus contortus, mnyoo wa tumbo la nne la kondoo. Jike lake ni mzuri wa kutazama: utumbo mwekundu uliojaa damu umesokotana na mirija myeupe ya mayai, kama kamba mbili za rangi zilizosokotwa pamoja, urefu wake kama sentimita mbili na nusu. Mnyoo mmoja humnyang'anya kondoo takriban mililita 0.05 za damu kwa siku. Haionekani kitu, mpaka uwe na minyoo elfu moja. Nilikuwa nimekusanya ya kutosha kwa majuma mengi, nikaisaga, nikaacha rojo lake juu ya meza nikaenda kula, maana virusi vya mafua vilinizoesha vibaya: maji ya yai ukiyaacha saa moja hayakudai kitu. Niliporudi nikaweka sampuli kwenye jeli. Badala ya mistari myembamba nikapata moshi wa buluu kutoka juu hadi chini. Utumbo wa mnyoo anayeishi kwa damu umejaa vimeng'enya vya kukata protini, nami nilikuwa nimevifungulia mlango. Minyoo yangu ilijila yenyewe wakati mimi nakula. Tangu siku hiyo nilisagia juu ya barafu, vizuia vimeng'enya vikiwa ndani ya mrija kabla ya mnyoo kuingia.

Vimeng'enya hivyo vilivyoniharibia kazi ndivyo vilivyokuja kuwa hadithi bora kuliko zote ninazozijua kwenye taaluma hii. Vimejipanga kwenye ukuta wa ndani wa utumbo wa mnyoo. Kondoo hawezi kuviona, kwa kuwa mnyoo havitoi nje. Ndiyo maana tunaviita antijeni zilizofichwa. Lakini mnyoo anakunywa damu. Ukimchanja kondoo kwa protini za utumbo huo, damu yake inajaa kingamwili, mnyoo anazinywa mwenyewe, zinashika kuta za tumbo lake, mlo haumeng'enyeki, anadhoofika na kuacha kutaga. Chanjo hiyo, Barbervax, ilitokana na kazi ndefu ya taasisi ya Moredun ya Scotland na ikaingia sokoni Australia mwaka 2014. Kipimo kimoja ni mikrogramu 5 tu za protini. Kwa kuwa kondoo hakutani nayo malishoni, hakuna kinachomkumbusha, kwa hiyo msimu wa minyoo unapofika sindano hurudiwa kila baada ya wiki sita hivi.

Sasa hapa ndipo linapokuhusu. Protini za chanjo hiyo husafishwa kutoka kwenye minyoo halisi, inayotolewa kwenye matumbo ya kondoo. Ndiyo, katika karne hii. Watu wenye akili na fedha walijaribu kwa miaka kuzitengeneza kwenye bakteria na kwingineko, wakapata uzito sahihi, mfuatano sahihi, na kondoo hawakukingika. Ulichokiona kwenye mrija wako, wao walikiona zizini.

Lakini nisikukatishe tamaa, kwa sababu kanuni hii ina matundu. Mwaka 1989 watafiti wa New Zealand na Australia walitengeneza ndani ya E. coli ileile antijeni ya tegu Taenia ovis, na kondoo wakakingika vizuri sana. Ilikuwa chanjo ya kwanza ya namna hiyo dhidi ya kimelea. Na antijeni iliyofichwa ya kupe, Bm86, nayo ilikubali kutengenezwa nje ya kupe, ikawa chanjo ya ng'ombe huko Australia na Cuba katika miaka ya 1990. Nilishawahi kukaa na wenzangu usiku kucha tukitafuta kwa nini tegu na kupe walikubali na mnyoo wetu akakataa. Sukari ni sehemu ya jibu. Mkunjo ni sehemu nyingine. Kilichobaki tulikimalizia kwa chai.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Kwanza tafuta protini halisi, hata mikrogramu chache kutoka kwenye mnyoo mwenyewe, uiweke kando ya yako mbele ya seramu hiyo hiyo. Bila kulinganisha hujui kama seramu yako ina kingamwili unazozitafuta. Huenda umekuwa ukiilaumu protini kwa kosa la kondoo. Fanya jaribio hilo mara mbili, protini ikiwa na mkunjo wake na ikiwa imechemshwa. Kama halisi iliyochemshwa nayo haitambuliki, jibu umelipata: ni umbo. Baada ya hapo punguza joto la bakteria wako hadi nyuzi 16 au 18, wachelewe, mnyororo upate muda wa kujikunja. Jaribu kipande kimoja cha protini badala ya yote. Yakishindikana hayo hamia kwenye hamira ya Pichia au seli za wadudu, zenyewe hubandika sukari, ingawa si lazima ziwe zile za mnyoo. Na rojo lako usiliache mezani.

Bibi, zaidi ya mara moja umetuambia bromelaini ya nanasi hukata hemaglutinini ya mafua. Basi mgonjwa wa mafua akila nanasi si atapona? Jirani yangu ameshaanza kushauri watu. — Mpenda matunda

Mwambie jirani asubiri. Kwenye mrija mimi nilikuwa na virusi vilivyosafishwa, bromelaini iliyopimwa, joto la mwili, na saa kadhaa za kungoja. Nanasi ulilokula linakwenda tumboni, virusi viko kwenye koo na mapafu. Bromelaini nayo ni protini, nyingi yake itameng'enywa kama nyama ya juzi. Na kama ingefika mapafuni ikiwa na nguvu zake zote, haina macho ya kubagua protini ya kirusi na yako: ile hali ya ulimi kuwasha ukila nanasi jingi, sehemu yake ni kimeng'enya hicho kinaanza kukuonja wewe.

Nina ushahidi wa pua yangu. Tulikuwa tunaiweka kwenye friji ikiwa unga mwepesi kama poda ya mtoto. Siku moja niliipima bila barakoa, dirisha likiwa wazi. Nilipiga chafya mpaka jioni, macho mekundu, na wenzangu wote wakanikimbia korido nzima wakiamini kwamba hatimaye virusi vya kwenye mayai vimenipata.